Mtoto Mwenye Njaa Hacheui

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata! Mimi, bibi mwenye wajukuu, goti linalolia kama bawaba kuukuu — nimepewa nafasi ya mtoto wa miaka mitano. Ni filamu ya katuni, ya vita. Kaka na mdogo wake wanakimbia mabomu, wanahangaika kutafuta chakula. Sisi tunaiingizia sauti za Kiswahili. Sauti yangu haikukua pamoja nami, mpaka leo nikipokea simu naulizwa, "Mama yupo?" Miaka yote nimeitumia kutangaza sabuni. Leo mwongozaji kanisikiliza mstari mmoja tu, akasema ndiye huyu.

Kaka mtu atasemewa na Mama Pacha, mwanamke wa kujaza mlango, ila akitaka anasikika kama mvulana aliyebalehe juzi.

Nyumbani nikamwambia Kaka yangu, tunaishi naye. Akasimamisha cherehani, akanitazama juu ya miwani. "Watoto wa mjini wameisha?"

Jumatano, 5 Machi

Aibu! Nilikula maharage sahani mbili kabla ya kwenda studio. Katoto kanatakiwa kaseme kwa unyonge, "Kaka, nasikia njaa." Nikasema, tena vizuri. Kisha nikacheua. Ndani ya maikrofoni! Mcheuo wa fahali. Fundi wa sauti akavua vidude vya masikioni, akainamia meza; nikadhani analia. Mwongozaji: mtoto mwenye njaa hacheui, mama. Mama Pacha kacheka mpaka kiti kikamtupa. Tukatolewa nje tukapunge upepo kama wanafunzi watukutu. Huko nje tukanunua karanga. Sikio la kufa!

Ijumaa, 7 Machi

Leo kaka mtu anampa mdogo wake kiazi cha mwisho, anamwambia yeye kesha kula. Uongo mtupu. Katoto kanaamini, kanakula, kanamwimbia. Nikapatia mara ya kwanza, mwongozaji kanionyesha dole gumba.

Njiani ndipo kumbukumbu ikanijia. Mimi na Kaka nasi tulikimbia vita. Mimi umri uleule wa katoto, yeye kumi na miwili. Sikumbuki kitu ila kisogo chake, maana nilikuwa mgongoni.

Nikamuuliza: wakati ule, wewe ulikuwa unakula nini?

Akakata uzi kwa meno. "Masikio yako. Ndiyo maana moja dogo."

Nimekwenda kwenye kioo. Kweli moja dogo! Mshenzi huyu. Na swali hakulijibu.

Jumapili, 9 Machi

Kaka anataka kuja studio, eti aone katuni inavyolishwa maneno. Sharti: asicheke. Kaapa. Kiapo cha Kaka ni mwavuli wenye matundu.

Jumanne, 11 Machi

Naandikia kwenye benchi la korido. Studio. Ngoja nieleze.

Mwigizaji wa mwenye shamba kakaukiwa na sauti, mafua. Mwenye shamba ni mzee anayewafukuza wale watoto mlangoni kwake. Mstari mmoja tu: "Ondokeni! Hapa hakuna chakula!" Mwongozaji akamwona Kaka amekaa, akasikia ule mkwaruzo wake, akasema mzee si huyu hapa. Kaka akaingia kwenye kibanda cha kurekodia, akajikohoza kama jaji. Mama Pacha akanifinya: leo tutakoma.

Taa nyekundu ikawaka. Mzee wa katuni akafungua mlango, mdomo ukaanza kucheza. Kaka akasema, "Ingieni, wanangu. Njooni mle."

Tukaangua kicheko. Hata mwongozaji.

Tena. "Karibuni. Huyo mdogo mlaze hapa."

Tukacheka, ila kidogo.

Tena. "Chakula kiko moto. Mpulizie kwanza."

Hakucheka mtu.

Mwongozaji akamfuata, kwa adabu. "Mzee wangu, filamu inatakiwa kesho asubuhi. Na huyu asipowafukuza, hadithi inaishia hapo. Watoto wanapona!"

"Ehee," Kaka akasema. "Sasa tatizo liko wapi?"

Nikaingia mimi, kwa hasira. Nikamwambia usiniharibie kazi, hapa si nyumbani. Hakunitazama. Alikuwa anautazama ule mlango wa katuni, umesimama kwenye skrini, nusu wazi.

"Huyo mzee namjua," akasema. "Nilibisha kwake mara mbili. Mara ya pili ulikuwa huna hata nguvu ya kulia."

Sijawahi kuyasikia hayo. Maisha yangu yote, sijawahi!

"Alisema maneno hayohayo?"

"Hayohayo. Mimi siyasemi."

Akanisukuma nje taratibu, kwa viganja viwili, kama anavyomtoa mteja msumbufu. Komeo likalia kwa ndani.

Sasa mwongozaji yuko kwenye simu na wenye filamu, anatembea huku na huku, anasema ndiyo, hapana, ni mzee, hapana, hajalewa. Fundi ananinong'oneza kwamba ile mara ya tatu ni safi kabisa, hata midomo imelingana. Mama Pacha anasema nikamtoe, mimi ndiye damu yake. Nimeinuka. Nimekaa tena.

Taa imewaka! Nani kabonyeza? Fundi anatazama dari. Kwenye kioo cha kibanda namwona Kaka kavaa vidude vya masikioni, kaisogelea maikrofoni. Midomo inacheza. Muda mrefu kuliko mstari mmoja. Ananyoosha mkono mbele, kiganja juu, kama kuna mtu wa kumpokea — na mwongozaji kashusha simu, anauliza ni nani aliyemruhusu, na wote wananigeukia mimi. Ngoja niweke kalamu.