Nyekundu kwa Nyeusi

Kisumu Ndogo, Kibera
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Achieng',

Pokea salamu zangu mapema kabla hasira hazijafika, maana ziko njiani. Miguu ya mama imepungua kuvimba? Achieng' bado anakohoa asubuhi, ama ile dawa ya mizizi ya nyanya yake imesaidia? Mimi mwili hauna neno, nakula na nalala. Ni roho tu ndiyo inayotokota kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu inatugombanisha. Ulipouliza, "Tunakuja ama hatuji? Nijibu neno moja," nikaanza kukueleza habari za waya, ukakata. Uliudhika, na mimi niliudhika. Sasa barua haikatwi. Okoth binamu yangu anasafiri kesho, atakupa mkononi. Kaa chini usome mpaka mwisho, jibu lako liko huko.

Kile chumba cha Riruta Satellite nilichokutajia bado ndicho ninachokitaka. Mlango mmoja unatazama barabara, mtu anaweza kufanya biashara. Nyuma kuna pa kulala, na maji yako ndani ya ploti. Hapa Kisumu Ndogo siwezi kuwaleta. Meza yangu ya kazi iko kati ya baa na kanisa, nyuma ya mama anayeuza dagaa wa omena, na kitandani nalala upande mmoja kwa sababu upande wa pili zimelala wufa za watu, zile spika za sauti nzito. Mtoto nitamweka wapi?

Mwenye ploti anaitwa Mzee Karanja. Ardhi hiyo ilikuwa ya baba yake tangu Kawangware ikiwa mashamba, kwa hiyo hakimbilii mpangaji. Nilipoenda kuulizia chumba akanitazama viatu kwanza, halafu uso.

"Wewe unafanya kazi gani?"

"Fundi wa spika, mzee."

Nikajua nimeharibu. Wenye ploti hawapendi watu wa spika, kwa sababu ya kelele. Lakini akafungua mlango wa sebule, akasema, "Hebu ingia hapa."

Sebuleni kwake kulikuwa na spika mbili kubwa za zamani, za enzi ya santuri, zinanifika kiunoni, mbao zake bado zinang'aa. Kila moja imefunikwa kitambaa cha kufumwa kwa mkono. Mke wake, marehemu Wambui, ndiye aliyefuma vitambaa hivyo. Na mke wake huyo alikuwa akiimbisha kwaya ya kanisa lao. Sauti yake imebaki kwenye kanda moja tu. Akaniwekea. Mama Achieng', ilikuwa mateso: sauti ya kati imefifia, juu inakwaruza, na huyo mama, nikamwambia mzee, anasikika kama ameimba akiwa ndani ya gunia.

"Ukinirudishia huyu," mzee akasema, "chumba ni chako. Lakini hiyo sanduku usitoboe, na usitoe kitu ya ndani. Wacha vile aliiacha."

Sasa hapa ndipo uliponikatia simu, kwa hiyo vumilia. Spika kubwa kama hizo zina midomo mitatu: wufa ya sauti nzito, ya kati, na twita ya sauti nyembamba. Kuna kifaa ndani kinachogawa muziki, kila mdomo upate sehemu yake. Kinaitwa krosova. Za mzee zilikuwa zimezeeka. Kapasita, kile kikopo kinachotunza umeme kidogo, iliandikwa mikrofaradi ishirini, ndicho kipimo chake; nikaipima ikaniambia kumi na moja. Huwezi kupika ugali wa watu ishirini kwa unga wa kumi na mmoja halafu ukashangaa kwa nini wengine wanalala njaa.

Kwa vile nilikatazwa kutoa na kutoboa, nikaamua kujenga krosova mpya nje ya spika. Fungua skrubu za mbele, vuta waya za kila mdomo zitokee kwenye tundu la kupumulia lililokuwako tangu zamani, ziingie kwenye kiboksi cha mbao kilichokaa nyuma. Siku mzee akichoka nacho, anakichomoa, spika zinabaki kama Wambui alivyoziacha. Nilijisifu sana kwa wazo hilo. Ndilo lililonimaliza, utaona.

Kapasita nilipata za pampu za maji, mikrofaradi ishirini kamili, ngumu, hazikauki kama zile za asili. Koili, ule msokoto wa shaba unaofanya kazi pamoja na kapasita, nilizungusha mwenyewe kwa waya wa shaba kutoka kwa jamaa wanaofufua mota zilizoungua, juu ya kipande cha paipu. Na koili inataka kuhesabiwa kila mzunguko. Sasa jaribu kuhesabu Kisumu Ndogo! Nimefika mia mbili na kitu, mtu anapita: "Niaje fundi!" Usipojibu, kesho unaambiwa umeanza kuringa. Ukijibu, hesabu imekwenda. Nikaanza upya. Nimefika mia tatu, mama wa omena ananiita, "Baba Achieng', hutaki hata kunisalimia leo? Ama wife amekuja?"

"Nahesabu, mama!"

"Unahesabu nini na mfuko hauna kitu?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na hesabu ikapotea mara ya pili. Mwishowe nilifungia mlango, nikazungusha gizani kama mchawi. Nilipopima, koili zote zililingana. Soko zima la spika Nairobi linauza krosova za tayari zisizolingana hata mbili kwenye kartoni moja, na wateja wanazishangilia ati kwa sababu zina taa ya buluu. Hakuna aliyenishangilia mimi.

Sasa sikiza jambo moja, ndilo shina la shida yote. Krosova ya namna niliyojenga inaigeuza sauti ikiwa njiani. Wufa na ile ya kati, pale mpakani zinapopokezana, zinafika zikiwa kinyume. Wewe na mama mkibeba debe moja la maji, wewe ukiinua wakati yeye anashusha, haliendi popote, sivyo? Mkiinua pamoja, linapanda. Basi fundi anafanya nini? Anageuza waya za ule mdomo wa kati, ambao mafundi tunauita spika ya kati. Nyekundu anaipeleka kwa nyeusi, nyeusi kwa nyekundu. Ukiangalia kwa macho ni kosa. Ukisikiliza kwa masikio ndiyo dawa.

Nilifunga kila kitu siku moja mzee akiwa ameenda mazishi Kiambu. Kanda ya mama Wambui alikuwa ameifungia kabatini, kwa hiyo nilijaribu kwa muziki wangu. Ilitoka safi mpaka nikakaa chini. Nikamwachia funguo Kioko, msimamizi wa ploti, nikarudi Kibera nikiwa tayari nimeshapanga kichwani kitanda kitakaa wapi.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mzee akanipigia. Hakuna salamu.

"Umemtoa."

"Nimemtoa nani, mzee?"

"Mke wangu! Watu wote wa kwaya wako, kinanda iko, ngoma iko. Yeye hayuko! Hata kwa gunia nilikuwa namsikia."

Nikafika mbio. Hakunifungulia geti. Akaongea nami kupitia kitundu, kama mtu anayemfukuza muuza sumu ya panya.

"Mzee, niruhusu nisikilize tu."

"Usiguse kitu yangu tena. Na hiyo chumba, kuna mtu wa mayai ameulizia."

Mtu wa mayai! Niliondoka, nikarudi tena siku nyingine, nikarudi tena. Ndizo siku ulizokuwa ukiniuliza neno moja, na mimi neno sina. Ningesema njooni, mje mlale wapi? Ningesema msije, ungesema nimepata mwingine, na kweli mama wa omena angekucheka kwa hilo. Nilikagua hesabu zangu upya, ishirini ni ishirini, koili ni zilezile. Nilikasirika na mzee, na mtu wa mayai, na wewe pia, nisikufiche, uliponiandikia meseji ati naishi na spika kuliko ninavyoishi na mke.

Mara ya mwisho nilimkuta ameiweka ile kanda, dirisha liko wazi. Nikasimama nje ya ukuta nikasikiliza. Wanaume wa chini walikuwa wazi kabisa. Herufi za juu, zile s na sh za maneno, wazi. Katikati, pale pale anapoimba mama Wambui kwa sauti yake nene, kulikuwa na shimo. Si sauti mbovu. Ni shimo, kama jino lililong'olewa. Nikaelewa. Nikagonga geti kama polisi.

"Mzee! Kuna mtu amegeuza waya!"

"Sasa unasingizia watu ya nyumba yangu?"

"Sisingizii. Kiboksi kiko nje, mtu yeyote anaweza kukifikia. Angalia waya za spika ya kati. Kama nyekundu imeingia kwa nyekundu, hapo ndipo mama amepotelea."

Halafu Kioko, aliyekuwa akifagia, akaweka ufagio chini.

"Ni mimi, mzee."

"Wewe?"

"Nilikuwa napanguza vumbi nikaona huyu jamaa wa Kibera ameingiza nyekundu kwa nyeusi. Nikasema huyu atatuchoma. Si unakumbuka ile ploti ya jirani? Moto ulianzia waya zilizounganishwa kinyume. Nikarekebisha, na hiyo ingine pia. Hata nilitaka kumpigia nimwambie awe makini."

Mama Achieng', nilikuwa nimejiandaa kumkaba mtu koo. Lakini nani atamkaba Kioko? Hapa Kibera nikiona waya zimepishana juu ya bati la jirani, mimi mwenyewe ndiye wa kwanza kupanda na koleo. Sisi sote tumefunzwa na moto. Alirekebisha kwa uangalifu kuliko mafundi wengi ninaowajua, hata alizikaza vizuri. Hasira isiyo na mwenyewe ni mzigo mbaya, unaubeba mpaka kwako.

Nikaruhusiwa kuingia. Nikageuza waya za spika ya kushoto, halafu ya kulia. Mzee akarudisha kanda nyuma, akasimama katikati ya sebule na mikono mgongoni.

Kwaya ikaingia. Halafu akaingia yeye. Hakuwa kwenye gunia, hakuwa kwenye shimo. Sauti nene, tulivu, unasikia hata anapovuta pumzi kabla ya mstari. Mzee akamwita Mungu kwa Kikuyu, "Ngai," kwa sauti ndogo sana, akageukia ukutani. Kioko akatoka nje. Mimi nikabaki nikiangalia skrubu ambazo hazikuwa na shida yoyote.

Kanda ilipoisha nikafikiri, haya, sasa funguo. Mzee akamwita Kioko kwanza, akamwambia akae, anywe chai, kwa sababu amesema ukweli. Kioko akapewa chai kwa ukweli wake. Mimi nikapewa masharti.

"Chumba chukua. Nilisema, na nimesema. Lakini unajua imepakana na hii sebule?"

"Najua, mzee."

"Basi spika isilie huko. Hata moja. Mimi sasa nataka kusikia huyu bila kelele ya mtu."

"Mzee, mimi ni fundi wa spika."

"Najua. Si nimesikia kazi yako? Ni kazi mzuri. Fanyia huko Kibera."

Nimerudishiwa mdomoni dawa niliyoipika mwenyewe. Ningemfanyia kazi mbovu, asingekuwa na cha kusikiliza, na ningepiga spika humo mpaka paa litikisike. Nikamuuliza kwa uchungu, nina mtoto wa miaka minne, naye asilie?

"Mtoto kulia si kelele," akanijibu. "Kelele ni hiyo yako."

Nikamuuliza cherehani je, mke wangu ni fundi wa nguo. Akafikiri kidogo. "Hiyo haina shida. Wambui alikuwa nayo. Mlango wa barabarani unafaa cherehani."

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Chumba nilichokizungushia shaba gizani ni duka lako. Mimi nitaamka asubuhi nije tena Kisumu Ndogo, kati ya baa na kanisa, nianze kuhesabu nikisalimiwa, na jioni nirudi kwangu nikiwa nimenyamaza kama mpangaji wa mtu. Sijafurahi, na usiniambie nifurahi. Labda kufikia mwezi ujao nitacheka. Mtu wa mayai nilikutana naye getini akanipa pole. Hata yeye!

Msalimie mama, umwambie awe anainua miguu akiketi. Msalimie kaka yangu mkubwa anayetulimia lile shamba la chini, na shemeji anayemkaripia mpaka analimaliza. Msalimie baba yako, na yule mwalimu wa Achieng' wa chekechea, umwambie mapema ili asikasirike tukimwondoa. Jirani anayekuchajia simu mwambie ahsante, hata kama ndiyo simu uliyonikatia.

Cherehani ifunge na gunia mbili, na kichwa chake kisafiri peke yake, mbali na meza. Kanyagio uache, hapa nitakutafutia.

Uliomba neno moja, nimekutumia kurasa. Neno lenyewe hili hapa: njooni.

Ni mimi mumeo, aliyekatazwa kupiga kelele kwake mwenyewe,
Baba Achieng'