Jini wa Meno Amemaliza Kazi

Mama Rehema mpenzi,

Salamu nyingi huko Pearland, pembeni mwa Houston. Mimi huku Euless, upande wa pili wa Texas, sijambo, ukiondoa kitambi na uvivu, ambavyo ulivijua kabla hujaondoka.

Jumapili mchana Rehema alinipigia. Nilikuwa usingizini, na unajua mtu wa shifti ya usiku akipigiwa simu mchana hupokea kama mtu aliyekamatwa na kosa. "Baba, it's out," akasema. "Ile ya mwisho." Lile gego la juu kushoto lililokuwa likicheza tangu shule zifunguliwe. Nikampongeza, nikamuuliza kama ataliweka chini ya mto. Akacheka kile kicheko chake kipya, cha mtu wa miaka kumi na moja anayemhurumia mzee. "Baba, mimi najua jini ni nyinyi wawili. Nimejua kitambo. Sasa mmemaliza kazi."

Alisema kwa utani, kisha akaenda zake kula. Mimi nilibaki nimekaa kitandani na simu mkononi. Niliwaza hivi: kwa miaka hii mitatu, ukitoa habari za bima, fomu za shule na matairi ya gari lako, kitu pekee ambacho mimi na wewe tulibaki nacho cha kuchekea ni meno ya mtoto. Na sasa meno yameisha.

Ndiyo maana naandika. Tulisema Houston ni mwaka mmoja, upate uzoefu hospitalini, halafu tutaona. Huu ni wa tatu na hatujaona. Sijui tena kama sisi ni nyumba moja yenye anwani mbili au nyumba mbili zenye mtoto mmoja, na nataka kukuuliza. Kwenye simu siwezi. Najijua: nafungua mdomo kuuliza, unatoka mzaha. Naandika hapa mtandaoni, wanaposoma na wengine, kwa sababu mbele za watu huwa najitahidi kuwa na adabu.

Ila kwanza niruhusu nicheke kidogo, maana kosa la kwanza lilikuwa langu.

Unakumbuka Rehema alipokuwa na miaka sita, jino la mbele likaanza kutikisika, akaja nyumbani na habari za shuleni, za kiumbe anayechukua jino chini ya mto usiku na kuacha pesa. Na mimi ndiye niliyekuwa nimetangaza sheria ya humu ndani: ukivuka mlango, Kiswahili. Akasimama mbele yangu nikiwa napiga mswaki. "Baba, tooth fairy anaitwaje kwa Kiswahili?" Mtu mwenye akili angesema sijui. Mimi, bingwa wa lugha, nilitema povu nikajibu bila kupepesa: "Jini wa meno."

"Jini ni nini?"

Hapo pia ningeweza kunyamaza. Lakini mtoto wa Muheza ukimuuliza habari za jini umemfungulia bomba. Nikamweleza kwamba ni kiumbe asiyeonekana, anapita ukutani, anakuja ukiwa umelala, na huyu wa meno anapenda sana meno ya watoto. Nilipofika hapo nilimwona amefunga mdomo. Hakuufungua siku nzima. Ulimpikia chapati, akazila kwa pembeni kama mtu anayeficha peremende.

Kesho yake mwalimu wake akakupigia ukiwa kazini, kwenye ile nyumba ya kutunzia wazee. Mtoto amewaambia wenzake kwamba nyumbani kwao kuna pepo anayekuja kung'oa watoto meno, na babake anamjua. Ulirudi bado umevaa sare, hujavua hata viatu.

"Ati jini? Baba Rehema, unaambia mtoto jini atakuja kwa kitanda yake?"

"Ni tafsiri tu, mama."

"Tafsiri gani hiyo? Wewe na majini yenu ya Tanga. Si ungesema tu fairy, Mungu angekuelewa."

Ukapaka mto mafuta ya zeituni. Jumamosi asubuhi ukalipeleka jambo kwenye maombi ya simu, na kwa kuwa sipiki vibaya ulikuwa umeniachia maharage jikoni na spika ikiwa wazi. Nilisikia kila kitu. "Tumwombee Rehema, ameambiwa maneno ya jini." Dada mmoja akauliza kwa uchungu, "Ameambiwa na nani, jameni?" Watu zaidi ya ishirini wakapumua kwenye simu. Kisha wewe, polepole: "Na babake." Nikasikia "Yesu" moja ndefu kutoka kwa dada wa Arlington, mji wa jirani.

Tulijaribu kumbadilishia cheo. Ukapendekeza malaika wa meno. Rehema akakataa katakata, kwa sababu alishasikia watu wazima wakisema mtoto akifa amekuwa malaika, na yeye hakuwa tayari. Akapima mwenyewe akaona afadhali jini, ambaye angalau hachukui zaidi ya jino. Kwa hiyo jini akabaki, na mafuta yako ya zeituni juu yake.

Na lilipong'oka jino lenyewe, nani alikataa kuliweka chini ya mto? Mimi. Kwetu jino hurushwa juu ya paa, unaomba jipya, basi. Ukasema hata kwenu ni hivyo hivyo, ila kwenu paa zilikuwa chini. Sisi tulikuwa ghorofa ya pili na paa lilikuwa mbali. Nikarusha kwa nguvu zangu zote, nguvu ambazo wewe na mimi tunazijua, na jino likagonga ukingo likarudi, likaangukia kibaraza cha Mama Furaha, jirani yetu Mkongo wa chini, kwenye beseni la sombe, yaani kisamvu, aliyokuwa akiichambua.

Hakupiga kelele. Alipanda ngazi moja moja, akagonga, akafungua kiganja. "Baba Rehema, hii ni jino ya mutu?"

"Ni ya mtoto, mama. Samahani sana."

"Kwenu banatupaka meno kwa chakula ya bantu?"

Ulikuwa nyuma ya mlango umejiziba mdomo kwa kitenge. Nilikuona. Siku hiyo jino likaenda chini ya mto kama meno mengine ya Texas.

Hata hapo jini wetu hakuiweza kazi. Usiku mimi nipo uwanja wa ndege napakua mizigo, na wewe ulikuwa unasoma mitihani ya uuguzi unalala juu ya kitabu. Rehema akaamka, jino lipo pale pale. Nikamkuta analia, mimi natoka kazini na fulana ya kung'aa mwilini. Nikamwambia jini wa mtaa huu anafanya shifti ya usiku, hupita asubuhi akishapata pa kuegesha. Akaoga, akarudi chumbani, akakuta dola na kikaratasi nilichokiandika kwa mkono wa kushoto: "Samahani nimechelewa, tulikuwa na ndege mbili za kupakua." Akakisoma, akaniangalia kuanzia viatu hadi kichwa. "So jini anafanya kazi na wewe?" Nikasema tunafahamiana.

Halafu ukafaulu mitihani. Nilifurahi, na bado nafurahi. Ukapata kazi Houston, ukaenda na mtoto, kwa sababu mtoto hawezi kulelewa na mtu anayelala mchana. Hilo tulikubaliana wote wawili na sina kinyongo nalo.

Ndipo jini akawa na ofisi mbili. Ujumbe ninaoutunza kwenye simu si wa mapenzi, Mama Rehema, ni wa kazi. "Jini wa Houston anauliza: chonge la chini mlilipa dola ngapi huko? Mtoto anadai huku tunamnyima." Nami nikakujibu kwamba Jini wa Euless analipa kwa mujibu wa gharama za maisha. Kuna wiki ambazo hatukuwa na neno lingine.

Siku ninayoikumbuka zaidi ni ile ya Buffalo. Tulikuwa tunakutana pale nusu ya njia kila baada ya wiki mbili kupokezana mtoto, kwenye kituo cha mafuta, mji unaoitwa nyati na sijawahi kuona hata mbuzi. Rehema akanunuliwa nyama kavu, akauma, jino likabaki kwenye nyama. Akalishika juu akauliza swali la kisheria: jino limetoka katikati, jini yupi anahusika? Wewe ukasema Houston, kwa sababu alikuwa bado hajahamia gari langu. Mimi nikasema Euless, kwa sababu nyama nilinunua mimi. Tukabishana pale, mlango wa nyuma wa gari lako ukiwa wazi, tumekaa wote kwenye buti, mtoto katikati anageuza shingo kama anaangalia tenisi. Ukacheka mpaka ukaegemea bega langu. Ulinukia dawa ya hospitali. Ulikaa hapo, sijui, dakika moja. Kisha ukaangalia saa ukasema barabara itajaa.

Nikaendesha kurudi na mtoto amelala, na sikuwasha redio.

Sasa Rehema amekua, wikendi ana mpira na ana marafiki, Buffalo tunakwenda mara chache. Huku nimetundika blanketi dirishani ili nilale mchana. Bado sijajua kusonga ugali wa mtu mmoja. Mkono umezoea sufuria ile, nasonga wa watatu, nakula, unaobaki naupasha kesho yake na kujifanya ni chakula kipya. Kwenye kikombe cha bafuni kuna mswaki wa zamani wa Rehema ambao nywele zake zimelala. Sijautupa na sina sababu ya maana. Mama Furaha huniletea sombe, tumeshasameheana. Kila mara huniuliza, "Mama iko wapi?" Namwambia bado yuko Houston. Juzi akasema, "Hii 'bado' yako inakuwa murefu, baba."

Nikamsifia sombe yake kabla hata sijaifunua.

Nilipokuja kwako mara ya mwisho, nilisimama jikoni natafuta glasi. Ukaniambia, "Kabati ya pili, kwa right." Hukukosea chochote. Uliniambia kwa upole. Ila ndivyo anavyoambiwa mgeni, na nilikunywa yale maji nikiwa nimesimama.

Ninarudi sana kwenye siku mliyoondoka. Gari limejaa hadi huoni nyuma, Rehema ameshafunga mkanda, nami nimeinama dirishani kwako. Ukaniuliza, "Baba Rehema, wewe utakuja kweli, ama unasema tu?" Nikakuambia, "Mimi nikiondoka, ndege za hapa zitatua wapi?" Ukacheka. Kisha ukaanza kurekebisha kioo cha pembeni ambacho nilikuwa nimekirekebisha mwenyewe dakika tano kabla. Nikakupungia mkono kama anayempungia mtu anayekwenda dukani. Kwa miaka mitatu nimejiambia ulicheka kwa sababu maneno yangu yalichekesha.

Sasa sikiliza, na hapa sitanii. Kuna nafasi huko, uwanja wa ndege wa Houston. Kazi ni hii hii, ila ya mchana. Msimamizi wangu aliniambia tangu mwezi uliopita na fomu inafungwa mwisho wa mwezi huu. Sikukuambia. Nilijidanganya kwamba nasubiri ukae vizuri na zamu zako. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa kwamba umeshazoea, kwamba una utaratibu wako na kabati zako, na kwamba nikisema nakuja utanyamaza kidogo kabla ya kusema karibu. Hicho kimya kidogo ndicho nilichokikimbia kwa miaka mitatu kwa kuchekesha watu.

Uliniuliza kama nitakuja kweli. Jibu ni ndiyo. Nilipaswa kukupa pale pale dirishani. Nimechelewa, na huenda swali lenyewe umeshaliondoa, na kama umeliondoa sitakulaumu. Ila kama bado unauliza, niambie nijaze fomu. Na kama huulizi tena, niambie pia. Lakini uniambie kwa sauti yako, Mama Rehema, hata kama itachukua muda kuanza. Usinitumie kile kidole gumba. Nikikiona sitajua ni cha karibu au cha kwaheri.

Simu yangu haitazimwa. Na kuanzia saa nane mchana huwa niko macho.

Mumeo,
Baba Rehema