Jumamosi Ulizokuwa Ukivuka Mpaka

Mpendwa Mama,

Jumapili iliyopita nilipika chikanda, kile chakula chako cha viazi vya porini, na Baba akala. Nakuandikia wewe kwa sababu hakuna mwingine atakayeelewa ukubwa wa jambo hili.

Tangu tukuzike hapa Itaka, Baba alikuwa akila matonge mawili, anasukuma sahani. Nikawaza labda chakula chako kitamrudisha. Nikatwanga vile viazi vya porini, nikachanganya na unga wa karanga, pilipili na magadi. Kikatoka uji mchungu. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukiniita jikoni, nami nikijibu bila kuinua macho kwenye simu, "Mama, si kinauzwa pale sokoni Tunduma?"

"Cha sokoni kinashibisha," ulisema. "Lakini hakikujui."

Nikavuka mpaka, hadi Nakonde upande wa Zambia, kwa mdogo wako, mama mdogo Esta. Alionja nilichobeba, akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, magadi haya ulitaka kuchemshia maharage ya harusi?" Kisha akaniwekea sufuria mpya, yeye akaishika, mimi nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Akafunika, akapanga makaa juu ya mfuniko.

Tukisubiri, akaniambia nisilolijua. Zile Jumamosi ulizokuwa ukivuka, ambazo sisi tulidhani unafuata biashara, ulikuwa unakwenda kupika kwake. "Alisema nyumbani kwake hakuna wa kumshikia sufuria."

Mama, nililia pale pale mbele ya jiko lake. Mtu wa kukushikia nilikuwa mimi. Nisamehe.

Jumapili nikakipika tena nyumbani, nikakikata vipande, nikamwekea Baba. Alitafuna taratibu, akachukua cha pili, halafu akaanza kusema, kama anayeongea na sahani.

"Siku ya kwanza kuletwa hapa, mama yenu alipika hiki. Mama yangu akasema yeye hali mizizi ya porini. Nikaona bibi harusi wangu machozi yanamlengalenga. Basi nikala chote peke yangu. Tumbo liliniuma siku mbili."

Binti yangu Neema, aliyekuwa akinakili vipimo vya mama mdogo kwenye daftari, akauliza, "Babu, na hilo niandike?"

"Andika," Baba akasema. "Na tumbo uliandike."

Tulicheka, Mama, sote watatu, hadi jirani akachungulia.

Ubaki na amani huko uliko. Sisi huku tunakula.

Binti yako wa pili