Mtoto Niliyemfungia Ndani

Jumatatu, 7 Mei 1973

Watoto arobaini na mmoja. Mvua tangu alfajiri. Kuni zimeloa, uji ukachelewa, nikawafokea watoto wa miaka mitatu kana kwamba wao ndio walioziloweka.

Kamba ya leso imejaa leo hadi mwisho. Utaratibu huu niliuanzisha mwenyewe na najivunia. Kila mama akimleta mtoto huacha leso kwenye kamba kando ya mlango. Mchana mtoto huilalia, akiamka inarudi kambani, jioni mama huondoka na mtoto na leso yake. Kamba ikibaki tupu, nafunga. Mama asiye na leso ya kuacha, jina la mtoto wake naliandika ubaoni.

Mwaka wa sita huu nikiongoza nasari hii ya Elburgon. Sijachukua likizo hata moja. Hilo nalo najivunia.

Jumanne, 8 Mei

Mama Akinyi, mpishi wetu, alinikuta nimesinzia wima, kichwa ukutani. Akasema, "Mwalimu, kesho wewe lala nyumbani. Mimi nitabaki na watoto. Nimezaa saba, hawa watanishinda?"

Nilicheka. Nikamwambia kulea watoto wa watu si kukoroga uji. Maneno mabaya. Akaenda kuosha vikombe.

Ukweli ni kwamba naogopa watu wajue nasari inaweza kwenda bila mimi.

Alhamisi, 10 Mei

Homa kidogo. Nimekwenda kazini hivyo hivyo. Dada yangu wa Nakuru ameandika tena, niende kwake hata wiki moja tu. Sijamjibu.

Ijumaa, 11 Mei

Siwezi kuandika.

Jumamosi, 12 Mei

Niandike basi.

Jana asubuhi Mama Chebet alikuja amejitanda leso kichwani kwa sababu ya mvua. Anachuma maua ya pareto. Alisema leso ni hiyo moja, akiiacha ataloa siku nzima shambani. Nikamwambia aende nayo. Chaki ilikuwa upande wa pili wa chumba, hatua kumi hivi. Miguu ilikuwa mizito. Nikasema nitaandika baadaye. Sikuandika.

Saa tisa unga uliisha. Nikamtuma Mama Akinyi kisiagini, na kwa vile mvua ilikuwa haikatiki nikamwambia akitoka huko apitilize nyumbani, unga aje nao Jumatatu. Yeye ndiye hufagia vyumba kila jioni. Nikasema nitafagia mimi. Sikufagia. Saa kumi na moja niliangalia kamba, tupu. Nikafunga mlango. Nilifika nyumbani nikalala na viatu.

Chebet alikuwa amelala nyuma ya magunia jikoni, karibu na joto la jiko. Mama yake alitoka kupima maua saa kumi na mbili, akakuta kufuli, na mtoto analia ndani. Mlinzi wa kiwanda cha mbao ndiye aliyevunja dirisha. Mtoto alikuwa amejikojolea, sauti imekauka. Miaka mitatu na nusu.

Walinigongea baadaye kunieleza. Nilifungua nikiwa bado na viatu.

Jumatatu, 14 Mei

Kamati ya nasari imekaa. Mzee Gathogo, mwenyekiti, aliniuliza swali moja. "Mwalimu, jioni ni nani hufagia vyumba?"

Nikajibu, "Mama Akinyi."

Ni kweli. Ni yeye hufagia. Hakuna aliyeuliza kama Ijumaa alikuwepo, na mimi nikafunga mdomo. Hawakumwita hata kumsikiliza. Wamemsimamisha kazi. Mzee akaniambia, "Pole, mwalimu. Unachoshwa na watu kama hawa."

Nikasema asante. Naliandika tena nilione. Nilisema asante.

Jumanne, 15 Mei

Nimepika uji mwenyewe, umeungua. Watoto wanamuulizia. Mama Akinyi hajaja kwangu. Heri angekuja anitukane.

Jumatano, 16 Mei

Nimemwona sokoni, na mboga zake za sukuma wiki kwenye gunia. Sasa anauza. Wanawake wawili walikuwa wakiongea, alipowakaribisha wakanyamaza, mmoja akamvuta mtoto wake karibu. Wakanunua kwa muuzaji mwingine.

Akaniona. "Habari, mwalimu." Basi. Nikanunua vitunguu ambavyo sikuvihitaji, nikaenda zangu haraka. Anajua, na anajua kwamba najua. Mimi ni mtu mbaya.

Ijumaa, 18 Mei

Sikulala wala sikula. Saa saba niliwaacha watoto na mama mmoja aliyejitolea, nikaenda kwa Mzee Gathogo. Nimemwambia yote. Leso, chaki, kisiagi, lile swali lake na jibu langu.

Akauliza kwa nini sikusema siku ile. Nikasema niliogopa. Nilitaka kuongeza kwamba nilikuwa nimechoka, nikaacha. Uchovu ulinifanya nisahau mtoto. Kumwachia Mama Akinyi mzigo, hapana, hilo nilifanya nikiwa macho.

Mzee akasema, "Miaka sita hujapumzika, na mimi nimekuwa nikikusifu mbele ya watu kwa hilo. Mimi pia nina kosa." Hakunifukuza. Akasema kamati itamwita Mama Akinyi arudi. Kila Jumatano yeye ndiye atashika nasari, mama mmoja amsaidie, na mimi nisikanyage huko.

Nilitaka anifukuze. Ingekuwa rahisi.

Jumamosi, 19 Mei

Nimekwenda nyumbani kwa Mama Akinyi. Alikuwa anachagua maharagwe. Nimeomba msamaha. Nikampa na habari ya kamati, nikidhani atafurahi.

Aliendelea kuchagua. Kisha akasema, "Nimesikia, mwalimu. Lakini kamati haikuji sokoni kununua sukuma. Wamama ndio wananinyamazia. Simama kwa geti, uwaambie na mdomo yako. Nikisikia umesema, nitarudi."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira naye. Hasira! Kwamba haikumtosha.

Jumatatu, 21 Mei

Nimesimama getini tangu saa kumi na mbili na nusu. Kila mama aliyefika nilimwambia hivi: "Ni mimi niliyemfungia Chebet ndani. Mama Akinyi hakuwepo, nilimtuma mimi. Na nikaacha alaumiwe." Mara thelathini na tano. Nilidhani nikifika wa kumi ulimi utazoea. Haukuzoea.

Wengine walisema pole. Mmoja alinitaka nirudie kwa sauti, wa nyuma wasikie. Nikarudia. Mwingine alimgeuza mtoto wake wakarudi nyumbani. Mama Chebet hakuja kabisa.

Mama Akinyi alikuwa ng'ambo ya barabara tangu mwanzo, mwavuli mkononi. Wa mwisho alipoingia, akavuka, akapita karibu yangu, akaingia jikoni. Saa nne uji ulikuwa tayari.

Jumatano, 23 Mei

Jumatano ya kwanza. Nimelala hadi saa nne asubuhi. Nikafua. Nikakaa kitandani bila kujua mikono niiweke wapi. Mara mbili nimevaa koti niende kuchungulia, mara mbili nimelivua. Jioni nilisikia watoto wote wamefika kwao, nikaona haya. Nilikuwa nimetumaini, kidogo tu, kwamba watanihitaji.

Jumamosi, 26 Mei

Wiki nzima sijamfokea mtoto. Nimemjibu dada. Nitakwenda Nakuru nasari ikifungwa Agosti.

Alhamisi, 31 Mei

Nimejumlisha rejista ya mwezi. Jina la Chebet. Nilidhani nitakuta nafasi tupu tangu ile Ijumaa. Kuna alama Jumatano iliyopita, na alama jana. Siku nyingine zote hakuna.

Nilimwuliza Mama Akinyi. Akasema, "Mama yake aliniuliza ni siku gani hauko. Nikamwambia." Hakusema kwa ubaya. Siku nyingine mama huenda naye shambani, amembeba mgongoni kwenye mvua, anachuma nusu ya anachochuma wenzake. Jana mtoto alikunywa vikombe viwili, akalala, akaamka akicheka.

Mchana Mzee Gathogo alipita kuangalia dirisha jipya. Akaniuliza kama Jumatano moja inanitosha, au nitapenda kupumzika na Ijumaa pia.

Nimemwambia ndiyo, na Ijumaa. Chebet atapata siku ya pili.