Kona Iliyolia Kama Chuma

Taisto, usimsomee mtu barua hii. Leo nimefungua mbao zinazoshikilia zege la msingi, na kona ya zege imemomonyoka kama uji.

Kabla ya kufungua niliigonga kwa nyundo. Ikalia kama chuma, nakuapia. Kumbe haijakomaa, imeganda kwa baridi tu. Blanketi la kuikinga zege na baridi pale lilipeperushwa na upepo.

Henna, msimamizi wetu, akawasha hita kando yake. Kona ikaanza kudondoka mbele ya wote.

"Mzee, miaka arobaini kwenye baridi ya Lapland, leo barafu inakudanganya?" kijana mmoja akasema.

Wakacheka. Ikalia kama chuma, Taisto.

"Hukuimwagia maji ya moto kwanza?" Henna akaniuliza.

Kazi hiyo ilikuwa yako. Mimi nagonga, wewe unamwaga kahawa ya moto na kubonyeza kwa kidole kuona kama inalainika. Tangu uhamie mjini Turku kwa binti yako, nagonga tu.

Ukuta wote wa msingi unabomolewa. Henna amenivuta kando: "Sitaki ufungue mbao tena peke yako. Jumatatu niambie unashirikiana na nani, ama upumzike nyumbani."

Nimewatazama wakinywa kahawa, watu kumi na mmoja. Tangu Januari niko nao, na sijui jina la hata mmoja.