Mtihani Nilioufanya Siku Unazikwa

Mama,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo kwa mazoea, halafu nikakaa nasubiri marahaba kama mjinga.

Leo ni Jumamosi. Nimekaa mlangoni pa jiko lako hapa Keza, na keshokutwa natakiwa kuwa chuoni kufanya sapu tatu. Sapu ni mitihani ya kurudia, Mama, ya wale walioanguka. Nikianguka tena nitadisko, yaani nitaondolewa masomoni, miaka miwili yote iende bure, na ule ualimu wa sekondari uliokuwa ukiwatambia wanajumuiya uishie hapo. Begi limeshafungwa. Amelifunga mke wa Kaka Renatus, mimi sijagusa hata soksi. Bodaboda atakuja kesho alfajiri kunipeleka barabarani, na sijui kama atanikuta nimevaa.

Wewe ulijua mimi si mtu wa kuanguka. Sikuwa na akili za ajabu, nilikuwa na wewe. Kila Jumapili ibada ikiisha ulisimama nyuma ya kigango, pale ambapo mtandao unashika vizuri, simu ya Renatus sikioni, ukaniambia, "Haya, wiki hii mmefundishwa nini? Nieleze nisikie." Nami nilikueleza kwa Kihangaza chetu mambo niliyofundishwa kwa Kiingereza. Uliishia darasa la nne, lakini hukuwahi kuitikia ili kunifurahisha tu. "Hapo umenipoteza, rudia." Nikirudia na bado hujaelewa, nilijua ni mimi ambaye sijaelewa, nikarudi kwenye daftari. Wenzangu walikuwa na vikundi vya majadiliano. Mimi nilikuwa na mama mkulima nyuma ya kigango, na kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi nilisoma kwa ajili ya Jumapili.

Unakumbuka siku niliyokueleza habari za umakini? Nilihangaika dakika kumi na maneno ya wataalamu, ukacheka. "Hiyo mbona naijua. Ukipalilia huku unaangalia barabarani unakata maharage." Na mwaka wa kwanza, nilipokulilia kwamba vitabu ni vingi, uliniuliza kama uliwahi kunionyesha shamba zima siku tunaanza kulima. Ulikuwa unanionyesha mstari mmoja. "Soma mstari wako, mwana wanje. Ukiisha, inua kichwa." Nilipoogopa kumuuliza mhadhiri swali ulisema, "Muulize, haumi huyo." Nilimuuliza. Kweli hakuuma.

Ndipo ikaja mitihani ya mwezi wa pili. Jumapili ya kwanza nilipiga, akapokea Renatus. Akasema Mama kachoka, kalala, wewe soma tu. Nitakwambia kitu ambacho sijamwambia mtu: nilifurahi. Nilikuwa na kurasa nyingi za kumaliza, nikaona afadhali, leo nimeokoa nusu saa. Kumbe ulikuwa hospitalini, figo zimegoma. Jumapili ya pili akapokea tena. "Mama yuko msibani," akasema. Hakuongopa. Ulikuwa na siku mbili kaburini.

Ijumaa ile, saa nane mchana, walipokuwa wakikushusha, mimi nilikuwa kwenye ukumbi wa mtihani na kalamu zangu mbili. Ulikuwa mtihani wa saikolojia ya elimu. Swali la tatu lilitutaka tueleze mambo ya kisaikolojia na ya kitabia yanayomsaidia mwanafunzi wa chuo kikuu kufaulu, kwa mifano. Nililifurahia swali hilo, Mama, nilitabasamu peke yangu. Niliandika kujiamini, kupanga muda, kutulia moyo, kutoona aibu kuomba msaada. Nilipofika kwenye kuwa na mtu anayekujali, nikatoa mfano wako. Niliandika kwamba mama yangu ni mkulima, yuko Ngara, ana afya njema, na kila Jumapili ananisikiliza. Ana afya njema! Niliomba karatasi ya kuongezea. Nilipata A, ya kwanza tangu nianze chuo.

Alhamisi iliyofuata nikapanda basi kurudi nyumbani, nimekubebea kitenge. Pale Lusahunga abiria waliposhuka kula, nikamwona Mama Mdogo Leonida anakuja kati ya malori. Pale ndipo anapowauzia madereva chakula, nikadhani ameacha masufuria yake mara moja kunisalimia. Akanishika mkono, akasema nishushe mizigo. Nikaona amenyoa nywele, kama mfiwa. Nilimuuliza ni nani, na kabla hajajibu nikamtaja Bibi. Nilimtaja Bibi, Mama, kwa matumaini. Mungu anisamehe.

Kumbe watu wote walijua. Katekista alijua. Yule msichana wa Kibimba, huku kwetu Ngara, ninayekaa naye chumba kimoja hosteli alijua, walimpigia simu mapema, naye akawa ananipikia chai na kunichekea kila siku hadi nikamaliza karatasi ya mwisho. Renatus ndiye aliyewapanga wote. Tangu hapo nikawa simsemeshi zaidi ya salamu.

Nilirudi chuoni mwezi wa tatu. Nilikuwa nakaa maktaba tangu asubuhi, ikifika saa saba bado niko ukurasa uleule. Mhadhiri wa saikolojia alirudia orodha ileile, kujiamini, kupanga muda, kutulia moyo, na mimi nilikuwa naijua vizuri kuliko yeye. Kuijua hakukunisaidia kitu. Nilitengeneza ratiba nikaibandika ukutani, ikabaki hapo ukutani. Nilienda kwa mshauri wa wanafunzi, mama mpole, akaniambia nitafute mtu niwe namweleza kile ninachosoma. Nilitoka ofisini kwake bila hata kuaga. Jumapili nilipiga namba ya Renatus, alipopokea nikakata.

Mitihani ya mwezi wa saba ndiyo iliyonimaliza. Kila nikikaa na kugeuza karatasi ya maswali nawaza, saa hii anazikwa nani? Najua ni ujinga. Nilikuwa natoka muda haujafika hata nusu, nawasha simu, napiga nyumbani, nauliza mmoja mmoja yuko wapi. Nikisikia sauti zao ndipo napumua. Hivyo ndivyo nilivyoanguka masomo matatu.

Wiki iliyopita Mama Mdogo alikuja kutoka Lusahunga kunisuluhisha na kaka yangu. Akaniita migombani, akaniambia ile ilikuwa amri yako. Ulilala hospitalini siku nne, unaongea vizuri, Renatus ameshika simu anataka kunipigia, ukamwambia, "Amalize kwanza. Mkimtoa kwenye mtihani sitawasamehe." Mama Mdogo alikuwa analia anavyosema. Miezi yote hiyo Renatus amebeba hasira yangu na hakujitetea hata kwa neno moja.

Siku nne, Mama! Kutoka chuoni hadi hapa ni siku moja.

Nimekukasirikia. Sijawahi kukwambia neno hilo ukiwa hai, nakwambia sasa. Ulinifundisha kuuliza na wewe hukuniuliza. Ulijua ningetupa kalamu nikaja, ndiyo maana hukuniuliza. Ulitaka nitulie, na kweli siku ile nilikuwa nimetulia kuliko siku zote za maisha yangu. Sasa siwezi tena kutulia. Kila nikianza kuzama kwenye kitabu nashtuka, naona kuna kitu nafichwa. Mtihani ungeahirishwa, Mama, chuoni kuna utaratibu wa mtu aliyefiwa au mwenye mgonjwa, ni barua moja tu. Wewe hukuwa na namna ya kujua. Mimi nilikuwa najua, na mimi ndiye niliyefichwa. Nilitaka kukushika miguu tu. Nilitaka unione.

Huku nyumbani mengine yanaendelea. Mbuzi wako mweusi kazaa mapacha. Wanajumuiya wamempa mtu mwingine kuongoza rozari, anaikimbiza, hungempenda. Mke wa Renatus ni mjamzito, wanasema akizaliwa wa kike watampa jina lako. Niliposikia hivyo niliondoka nisije nikasema neno baya.

Jana nilimwomba Renatus msamaha. Hakujua mikono yake aiweke wapi. Akasema, kama nataka, Jumapili atakuwa anasimama yeye nyuma ya kigango, nimweleze masomo kama nilivyokuwa nakueleza wewe. Nikajaribu hapohapo. Nilisema sentensi mbili, akaitikia, "Ndiyo, ndiyo, nimeelewa." Hakuelewa kitu. Alikuwa ananionea huruma. Nikamshukuru, nikaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika.

Hivyo ndivyo nilivyo, Mama. Sina wa kuniambia nimempoteza hapo, nirudie. Nimefungua daftari tangu asubuhi hii, nimeishia kukuandikia wewe.

Kwaheri, Mama. Siwezi kukuahidi kwamba nitafaulu, ningekudanganya. Nakuahidi kwamba nitaenda, nitakaa kwenye kile kiti mpaka muda uishe, kwa sababu uliamua kufa bila kuniona ili nikae hapo, na njia nyingine ya kukutii sijui. Majibu yakitoka, yawe vyovyote, nitapanda basi siku hiyohiyo nije kaburini kukwambia mwenyewe kwa mdomo wangu. Sitamtuma mtu. Sitangoja mtu amalize chochote. Hata kama ni kudisko, wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kujua.

Mimi sitakuficha, Mama.

Mwanao,
Editha