Hodi ya Tatu kwenye Mlango wa Mwisho

Dada yangu Zuhura,

Natumai barua hii itakukuta huko Maskat miguu haijavimba tena na mtoto anakupiga mateke ya adabu. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu. Shujaa wetu naye anakusalimu. Ndiye aliyenifanya nikuandikie.

Unakumbuka siku Anwar alipotuletea ile gemu? Alikuwa ameimaliza kwa likizo moja ya shule, akatufundisha kama binamu mwenye uzoefu: fuata kisa kikuu tu, tafuta upanga, vuka mto, ua zimwi, basi. Wanaotaka kuingia kila pango, alisema, huchukua miezi. Hakujua kwamba kuna watu wa aina ya tatu, na kwamba wanakaa Mji wa Kale, ghorofani kwa ami yake.

Wewe ulishika padi ya kuchezea, mimi nikakusomea maandishi na kuyageuza Kiswahili. Mimi ambaye darasani nikiitwa kusoma sauti hunikimbia, kwako nilikuwa mhunzi, malkia, na yule mbuzi anayesema. Ulipocheka, nilimwongezea mbuzi maneno.

Kijiji cha kwanza pekee tulikaa wiki kadhaa. Ulikataa kumpita mtu bila kumsalimu. Kwenye kila nyumba ulipiga hodi kwa mdomo wako, hapo sebuleni kwetu, mara tatu. Dirisha likiwa na taa, tulihesabu tumekaribishwa. Likiwa giza, ulimgeuza shujaa tukaenda zetu, hata kama ndani kulikuwa na hazina. Na kabla ya kuingia ulifungua mkoba wake ukamvua viatu.

"Haingii na viatu kwenye nyumba za watu," ulisema. "Ushujaa si ukosefu wa adabu."

Matokeo yake ni kwamba siku moja tulitoka kwa mhunzi, tukasahau kumvisha, tukampeleka pango la miiba. Alikufa peku, hata adui hatujamwona. Anwar aliingia wakati huo huo, akatutazama tunavyomwombolezea.

"Nyinyi mwacheza gemu," akauliza, "au mwapeana mkono wa Idi?"

Hukugeuka. "Wewe si umemaliza? Haya, yule bibi wa kisimani aitwaje?"

Anwar hakujua. Sisi tulijua, kwa sababu tulimwamkia kila tulipopita, mpaka akatuambia habari za bustani yake chini ya mlima. Bustani ile Anwar hajaiona mpaka leo.

Tuliipa ramani majina yetu. Ghala la chini ya ardhi lenye makasha mpaka darini likawa Shimanzi, kama maghala yetu ya bandarini. Kivuko cha mto kikawa Feri, ukalalamika kwamba hata huku ni kungoja tu. Mama akipita na sinia la mchele alikuwa akiuliza, "Huyo mtu wenu hajafika tu? Kutwa yuwatembea." Kisha aliketi kuchagua mchele hapo hapo, akatuomba turudi sokoni aone tena vile vitambaa.

Wiki ya harusi yako mikono ilikuwa na hina mbichi, huwezi kushika kitu. Ukawa unaniamuru kwa maneno, kushoto, ruka, kunywa dawa, mimi nikibonyeza. Ndivyo tulivyofika kwenye mlango wa ngome ya zimwi. Gemu yenyewe ikatuonya kwamba ukipita mlango ule hakuna kurudi nyuma, kisa kimekwisha.

"Mlango huu tutaufungua mimi nawe," ulisema. "Nikija Idi."

Juzi ukapiga simu. Daktari amekukataza kusafiri. Ukaniambia kwa upole, "Malizia tu, mdogo wangu, usiningoje."

Nilikujibu sawa, nikaenda kukaa chumbani na kitabu, nikawa sisomi. Si kwamba nakulaumu. Huko una nyumba, una mume, karibu utakuwa na mtoto. Hapa kuna mambo machache yaliyobaki nusu yako nusu yangu, na hili ndilo kubwa. Niliogopa kwamba zimwi likifa, hakutabaki kitu nyumbani kinachokungoja.

Lakini umesema, na mimi hukusikiliza. Jana baada ya alasiri nikawasha. Anwar alikaa nyuma yangu, akaniahidi kwamba zimwi lenyewe halina nguvu kama linavyotisha. Nikamvua shujaa viatu. Nikapiga hodi, Anwar akacheka. Nikapiga ya pili, na sauti yangu haikunikimbia. Nikapiga ya tatu.

Madirisha yote ya ngome yalikuwa giza.

"Bonyeza basi," Anwar akasema.

Nikamvisha viatu, nikamgeuza.

Sijakaidi neno lako, dada. Nimefuata ulivyonifunza. Kaskazini ya ramani bado ni nyeusi yote, na kuna kijiji cha mbali naona moshi wake, hatujamsalimu mtu hata mmoja. Nitakwenda polepole, nyumba kwa nyumba. Anwar anasema kwa mwendo huu nitamaliza nikiwa bibi wa kisimani. Amekwishanizoea, hata jana alibaki mpaka magharibi akiniuliza huyu nani, na yule nani.

Jitunze, na usinyanyue vitu vizito. Mwanao akishajua kutamka hodi, mlete. Pengine yeye atajibiwa.

Mdogo wako,
na mbuzi